Makoti Hamsini

Siku ile sikwenda kutazama mchezo.
Nilikwenda kudai senti arobaini
za mashati matatu niliyomshonea Thaddeus Wyckoff,
mwanafunzi wa Kilatini,
bingwa wa kusema "kesho".

Nikamkuta amevua koti. Wote walikuwa wamevua.
Ishirini na watano wa chuo chetu,
ishirini na watano walioshuka na treni ya saa nne
wakinuka makaa ya mawe na tambo.
Wa kwetu wamejifunga vitambaa vyekundu kichwani,
kwenye vurugu wasije wakamtwanga wa kwao.
"Dada Keziah, hebu tushikie haya."
Nani aliniuliza kama mikono inatosha?

Nikayapanga juu ya mkokoteni wa nyasi wa Mzee Stryker,
kola juu, vifungo ndani, kama dukani.
Nikayahesabu. Mshonaji haachi kuhesabu.

Mpira wenyewe ulikuwa kibofu ndani ya ngozi,
na ufunguo wa kuzibia hewa umepotea.
Wakapokezana kuupuliza, mashavu kama ya vyura,
nao ukagoma: haukuwa duara, haukuwa yai,
ulikuwa kitu kilichoghairi njiani.
Kuubeba, mwiko. Kuupiga teke, ruksa. Kuupiga kofi, ruksa.
Mengine waliyakata papo hapo kwa kubishana,
maana kila chuo kilikuja na sheria zake
kama mgeni anayekuja karamuni na kijiko chake.

(Leo wanajenga majukwaa, wanatoza kiingilio,
wanaume wazima wanalia kwa ajili ya rangi ya fulana.
Siku ile tulikuwa watu mia na mbwa wawili,
na ng'ombe wa Mzee Stryker walihamishwa asubuhi,
lakini si vyote vya ng'ombe vilihamishwa.)

Kisha wakapanga mistari.

Hapo magoti yakanilegea.
Mara ya mwisho kuona vijana wamepanga mistari
penye nyasi, wakingoja mtu mmoja apaze sauti,
kati yao alikuwemo Garret, mdogo wangu.
Koti lake la buluu nililishona mimi.
Lilirudi kutoka Virginia bila Garret,
limefuliwa na mtu asiyejua kufua.

Wakavamiana.
Uzio ukavunjika, watazamaji wakaporomoka nao,
kofia, mabiskuti, mwavuli wa profesa,
watu wakacheka hadi wakashika mbavu.
Mimi nilishika kola.
Kila kishindo kilichopigwa pale matopeni
nilikisikia kwenye kitambaa.

Nani alishinda? Mniulize lingine.

Kengele ya kanisa ilipogonga wakaanza kuja,
mmoja mmoja, pua zinachuruzika, mashati hayana mikono,
shona yangu ya wiki nzima imekwenda na maji.
Wakanitajia makoti yao kwa alama:
la kahawia lenye kiraka kwapani,
lile lenye barua mfukoni, usiisome,
lile la marehemu baba.
Nami nahesabu kwa sauti kama mwendawazimu.
Kumi na moja. Thelathini. Arobaini na nane.
Arobaini na tisa.

Likabaki la kijivu.

Nikateremka nalo kifuani.
Nikapita kwenye uzio uliolala, nikapita kwa wageni wanaoimba,
nikawatazama usoni hata nisiowajua.
Jua lilikuwa limeshafika chini ya miti ya mieloni
na kila kivuli nyasini kilikuwa kirefu kama mtu.

Alikuwa nyuma ya lango, kapiga magoti, anapekua matope.
"Thaddeus!"
"Jino langu, Dada Keziah. Lilikuwa hapa hapa."

Nikamvika koti, mkono mmoja, kisha wa pili.
Nikamfunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni,
kama mtoto anayepelekwa shule siku ya baridi,
naye akaniacha nimfunge, kinywa kimejaa damu na kicheko.

"Hamsini," nikasema.

"Mbona ilikuwa arobaini?"

Nikamwambia atalipa kesho.